Wewe Ni Nani Wake?

Wanangu, swali lenu la kwanza limenichekesha. Mmeniuliza nilisomea chuo gani hii kazi ya kutafiti jinsi wapenzi wa jinsia moja wanavyoonyeshwa katika tamthilia na katika filamu za mapenzi za kuchekesha. Sikuisomea popote. Nilipewa kama adhabu, kwa sababu ya neno moja, na neno lenyewe nilikuwa nimelitumia bila hila yoyote.

Nilikuwa mgeni kazini wakati ule, katika studio ndogo ya kutafsiri na kutia sauti hapa Bur Dubai, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa. Picha zilitufikia kutoka kila pembe, tukazitia Kiswahili, zikaenda kwenye vituo vya televisheni Afrika Mashariki. Nikakabidhiwa tamthilia ya wanawake wawili majirani, marafiki wa kufa na kuzikana. Mimi ni wa Unguja, ingawa nimekulia huku, na kwetu mwanamke humwita rafiki yake wa kike shoga. Mama yangu alikuwa na mashoga zake, bibi yangu alikuwa na wake, na hakuna aliyeshtuka. Basi nikaandika, "Shoga yangu, jana nilikukosa," na "Shoga, hebu njoo tunywe chai," hivyo hivyo tamthilia nzima.

Ikarushwa bara. Huko neno hilo hilo ni tusi la mwanaume anayependa wanaume. Watazamaji wakapiga simu kituoni kuuliza ni kwa nini hawa mama wawili, wenye waume na watoto, wanatukanana kila wakikutana, tena wakishatukanana wanakumbatiana. Malalamiko yakamfikia sir, meneja wetu, ambaye hakujua Kiswahili hata cha salamu. Ilibidi aelezwe na Mzee Twalib, mkuu wetu wa tafsiri, mtu wa Mombasa, naye alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Sir hakucheka. Alisema kwa kuwa mimi ndiye niliyeleta balaa, kuanzia siku hiyo kila picha yenye "mambo yale" itapitia kwangu kwanza: niitazame, niandike nilichokiona, mteja aamue. Ofisi ikaniita Bi Shoga kwa muda mrefu sana. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtafiti.

Niseme mapema, msije mkanivisha nguo isiyo yangu. Mimi ni mtu wa sala tano, na mji huu una sheria zake ambazo kila anayeishi humu anazijua. Sikuwa mpiganaji wa jambo lolote. Kazi yangu ilikuwa kusema kweli kuhusu kilichomo ndani ya picha, na nilikuja kugundua kwamba hilo peke yake ni zito kuliko linavyosikika. Jambo la pili: majina ya watu humu nimeyabadilisha, isipokuwa moja, ambalo nimeombwa niliache kama lilivyo.

Mzee Twalib alinifundisha kutazama kila picha mara mbili. Mara ya kwanza unazima sauti. "Ukizima sauti, maneno hayapati nafasi ya kukuhonga," alisema. Unaona nani anageukiwa akiongea na nani anapewa mgongo. Unaona nani anabaki kwenye picha wenzake wakishaondoka, na nani anaondolewa mara tu watu wakimaliza kumcheka. Mara ya pili unaipa skrini mgongo na kusikiliza tu. Ukisikia mtu sauti yake imebanwa puani tangu mwanzo hadi mwisho, ujue huyo hakuandikwa awe mtu, kaandikwa awe kichekesho.

Kisha alikuwa na swali lake moja, ambalo ninawaachia na ninyi kwa sababu sijaona kitabu chenye swali zuri kuliko hilo. Kwa kila mhusika alikuwa anauliza, "Huyu kwao wapi?" Katika filamu za mapenzi mtu wetu, yaani yule niliyetumwa kumchunguza, mara nyingi ni rafiki wa bibi harusi. Anaingia asubuhi na ushauri, anachagua gauni, analia kuliko mama mzazi. Lakini mlango wa nyumba yake hatuuoni ukifunguliwa. Hana jiko, hana mama mwenye jina, hana hata ufunguo mfukoni. Mwisho wa picha kila mtu ana wa kuondoka naye isipokuwa yeye, amebaki kushika pindo la gauni la mwenziwe. Mimi na Mzee Twalib tuliandika kwenye ripoti zetu maneno mawili tu: hana kwao. Wateja hawakuelewa tuna maana gani, nasi hatukujihangaisha kuwaeleza.

Kwenye tamthilia ilikuwa vingine. Huko mtu wetu hufa kwa ajali karibu na mwisho, au husafirishwa. Sijui ni kwa nini, lakini nusu ya wahusika wangu walihamia Kanada. Nilimwambia Mzee Twalib lazima sasa huko kuna mtaa mzima wa watu wetu, wanakutana jioni wanaulizana nani alitolewa kwenye kipindi gani. Akanijibu, "Basi angalau huko wana majiko."

Mzee Twalib ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mashine zilizokuja baadaye hakuziona. Zamani kanda zilifika kwenye makasha, tukizifuata kwa mawakala wa mizigo Deira. Leo picha inakuja kwenye simu na tafsiri yake ya kwanza imeshafanywa na kompyuta. Nilijaribu kuipa kompyuta hiyo sentensi moja ya Kiswahili: "Anampenda, naye anampenda." Ikanirudishia Kiingereza cha mwanaume na mwanamke, bila kusita. Kiswahili hakikusema hivyo. Ile *a* yetu haiulizi mtu ana ndevu au hana. Mtafiti aijue vizuri hiyo *a*, kwa sababu mfasiri akitaka anaweza kumficha mtu ndani yake filamu nzima. Nimesoma tafsiri ambazo mtu kapotea humo kabisa, na ukizikagua hutakuta neno moja la uongo.

Sasa niwaeleze habari ya Mutiso, maana yeye ndiye hasa aliyenifanya nikubali kuwaandikia.

Mutiso ni Mkamba. Alikuja Dubai kuwa mlinzi wa hoteli kule Marina, akaja kwetu siku tulipotafuta watu wa kutia sauti. Alikuwa na sauti nzito, tulivu, ambayo ungeipa kazi ya kusoma habari za msiba wa kitaifa. Lakini siku ya majaribio alitania kidogo, akabana pua akamwigiza rafiki wa bibi harusi, na sir, ambaye hakuelewa neno hata moja, akacheka. Yakaisha hapo. Tangu siku hiyo wote wasio na kwao walikuwa wake. Tulipokuwa tunarekodi ilibidi kiyoyozi kizimwe kwa ajili ya kelele, na kuta tulikuwa tumezitandika masalio ya vitambaa kutoka duka la chini, kwa hiyo mule ndani palikuwa pa moto kweli kweli. Mutiso aliingia na kubana pua saa nzima, kisha akatoka ameloa chepechepe na kuomba maji kwa ile sauti yake ya kawaida, na kila mara nilishtuka kidogo kuisikia.

Mama yake kule kijijini alimjua kila aliposikika kwenye televisheni. Aliita majirani: huyo ni mwanangu! Wakakaa wote wakacheka. Kisha akampigia simu kumwambia jinsi walivyocheka, na Mutiso akamshukuru.

Ikaja picha moja. Ilikuwa filamu ya mapenzi ya kuchekesha, ya bibi harusi ambaye ukumbi wake umekodishwa pia na mchumba wake wa zamani. Ndani yake kulikuwa na fundi wa nguo, mwanaume wa makamo, anayeshona gauni la harusi huku akitoa maneno makali na pini mdomoni. Niliizima sauti nikaitazama, nikaona kitu ambacho sikuwa nimekizoea. Fundi alikwenda kwake. Alitoa ufunguo, akafungua mlango, akasimama jikoni akapika supu. Halafu akaichukua ile supu kwenda hospitali, kwa mwanaume mgonjwa ambaye picha inatuonyesha waziwazi kwamba ameishi naye maisha yao yote. Mlangoni muuguzi akamzuia, akamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Fundi akajibu kwa neno moja, akaruhusiwa kuingia. Baadaye mama wa mgonjwa anafika kutoka mbali, anamkuta fundi ameketi pale kitandani, na hamjui.

Nikaandika ripoti yangu: ana kwao.

Mteja akarudisha jibu kwamba fundi ajibu, "Kaka yake." Nikamwambia sir haiwezekani, kwa sababu mama anaingia dakika chache baadaye na hamjui huyo fundi, tutakuwa na mama asiyemjua mtoto wake wa kumzaa. Mteja akasema basi awe rafiki. Nikasema marafiki hawaruhusiwi kuingia, ndiyo maana ya lile swali la mlangoni. Sir alikuwa mtu wa haraka. Aliongea nao tena, akaja mlangoni kwangu. "Yalla, Madam Zuwena, watafutieni neno. Kesho mchana mkaguzi wao anasikiliza. Kama hakuna neno, wanakata sehemu yote ya hospitali. Khalas."

Mkiikata sehemu hiyo, fundi anakuwa kama wengine wote. Anashona gauni, anachekesha, anatoweka.

Nikashuka kunywa karak, ile chai nzito ya maziwa, kwenye kibanda cha pembeni, Mutiso akanifuata. Tulisimama na vikombe vyetu vya karatasi, watu wakipita na mabunda ya vitambaa begani. Nilidhani amekuja kunieleza habari za zamu yake ya kurekodi.

"Bi Zuwena," akasema, "hiyo swali ya nurse, mimi niliulizwa."

"Uliulizwa wapi?"

"Hapa hapa Dubai. Nilikuwa nakaa na mtu Deira. Alikuwa anapika kwa ile hoteli nilikuwa nalinda. Watu wa nyumba tuliwaambia ni cousin." Akanywa chai kidogo. "Akagonjeka. Nikampeleka. Nurse akaniuliza mimi ni nani wake, nikasema cousin. Akauliza mbona majina ya baba hayafanani, kwenu mnatoka mahali pamoja? Nikaanza kukoroga maneno. Akaniambia tu, wewe ngoja nje. Nikangoja nje. Walipokuja kuniita, haikuwa ya kuniambia niingie."

Nilisikia uchungu ambao sikuutegemea, nakiri, na kwanza ulikuwa uchungu wa kazi: mtu huyu alikuwa amewatia sauti wote wale niliowaandika kwamba hawana kwao, mmoja baada ya mwingine, kwa pua, kwenye lile joto, na kila mmoja alikuwa anamchoma.

"Mwili ulienda kwao na cargo," akaendelea. "Ndugu zake walinitumia ujumbe, asante rafiki kwa kumsaidia. Mama yangu nilimwambia yule mtu naishi naye amekufa. Akasema pole, akaniuliza kama nimepata mwingine wa kusaidiana rent." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mimi nimefanya hawa wa kuchekesha wote, sijakataa hata mmoja. Lakini huyu mmoja nataka aulizwe hiyo swali na ajibu. Na nimfanye na sauti yangu. Wakikata hiyo, basi, nitarudi ulinzi."

Tukaanza kutafuta neno pale pale tumesimama. Mume, mteja asingelikubali hata kwa dakika moja. Mpenzi, vilevile. Maneno mengine ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya watu hawa mnayajua. Yote yametengenezwa kwa kutupiwa mtu usoni, na hakuna mtu ambaye angejiita hivyo mlangoni pa hospitali akiwa na supu mkononi. Kisha kulikuwa na tatizo la mdomo. Anayetia sauti anafuata midomo ya mwigizaji, na mwigizaji yule alianza amefumba midomo, akaifungua mara tatu, akamalizia ameiviringa. Kaka yake, rafiki yake, vyote vilikuwa virefu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu. Maisha yake yote sikumsikia akimwita baba kwa jina. Alikuwa akiuliza, "Mwenzangu kashakula?" Siku baba alipofariki, wanawake walipokuja kumpa mkono, alikuwa akiwaambia neno hilo hilo. Mwenzangu kaniacha.

"Mwenzangu," nikamwambia Mutiso. "Mwe-nza-ngu. Swali linadai mwenzake, lakini mdomo wa mwigizaji unamalizia kwa ngu. Hebu jaribu, linaanza umefumba midomo."

Akakunja uso. "Hiyo ni neno ya kujificha, Bi Zuwena. Kwetu mwenzangu ni mtu yeyote. Hata yule tunagawana zamu ni mwenzangu."

"Kwenu. Kwetu mwenzangu ni mmoja, na akifa hupati mwingine."

"Na mwenye kusikiza Kenya atajuaje ni ya kwenu ama ya kwetu?"

"Hilo si la neno," nikamwambia. "Hilo ni lako. Wewe ndiye utakayelisema."

Akamalizia chai.

Asubuhi yake kiyoyozi kikazimwa, akaingia. Alianza na sehemu ya gauni, kwa sauti yake mwenyewe, na sir akagonga kioo. Sauti ya kuchekesha iko wapi? Nikamwambia picha yenyewe haina sauti hiyo. Nimeisikiliza nikiwa nimeipa mgongo, na mwigizaji wa asili anaongea kama mtu anayeongea. Nikamfungulia asikie. Sir akasikiliza, akainua mabega, akasema sawa. Mnaona faida ya kutazama mara mbili? Na niwaambie kitu, vichekesho vilichekesha zaidi. Maneno makali yanapotoka kwenye sauti tulivu, yanakukuta hukujiandaa.

Tukafika mlangoni pa hospitali. Binti wa Kitanzania aliyemtia sauti muuguzi akauliza, "Wewe ni nani wake?" Mutiso alikawia. Kwenye picha fundi hakawii kiasi hicho, na nilijua itabidi tuirekebishe, lakini hakuna aliyemsimamisha. Kisha akasema, "Mwenzangu." Alilisema chini, bila kuomba, kama mtu anayejibu jina lake. Yule binti akasahau mstari wake uliofuata. Nilikuwa nimeketi nje ya kioo na nilijikuta nalia, mwanamke mzima, mbele ya sir.

Mchana mkaguzi wa mteja akasikiliza kwa simu. Alikuwa mtu mzima, kwa sauti yake. Tukamchezea sehemu hiyo mpaka mwisho.

"Mwenzangu," akasema. "Bibi yangu alikuwa akimwita babu hivyo."

"Ndiyo, hata kwetu," nikamjibu.

"Basi iacheni," akasema, akakata.

Mpaka leo sijui kama hakuelewa hata kidogo au alielewa yote. Ninyi mkifika mahali kama hapo, msiulize. Andikeni tu kwamba ilibaki.

Watu wa vyuo wameniambia tangu hapo kwamba neno lile ni la kujificha, kama alivyosema Mutiso mwanzoni, na kwamba mtafiti mkali angeliandika kuwa ni kasoro. Sibishani nao. Inawezekana. Lakini ninawaomba, kabla hamjaandika kasoro, mwulize nani alilisikia.

Filamu ilirushwa. Siku iliyofuata tulikuwa tumekaa pale pale kwenye chai, Mutiso ana sambusa mkononi, simu yake ikalia. Ilikuwa mama yake. Kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta aliiweka juu ya meza na kufungua sauti, akanikonyeza, akingoja kuambiwa jinsi walivyocheka.

Mama alianza kuongea Kikamba, polepole, na mimi sikielewi. Nilimwangalia Mutiso. Aliiweka chini sambusa. Mama akaendelea, na katikati ya Kikamba chake nikasikia neno moja la Kiswahili, wazi kabisa, kama mtu aliyelishika jana na hakutaka limponyoke: mwenzako.

Aliponyamaza, nikamwuliza anasema nini.

"Anasema jana hawakucheka," Mutiso akaniambia. "Majirani walisema huyo si mimi. Akawaambia ni mimi, hiyo ndiyo sauti yangu ya nyumbani. Anasema hakulala vizuri. Anauliza yule mwenzangu aliyekufa huku aliitwa nani. Anataka kumwombea kanisani, na hawezi kumwombea mtu bila jina."

Nilikuwa nimefanya kazi na Mutiso muda wote huo, na jina hilo sikuwahi kulisikia. Alifuta vidole kwenye suruali, akainama karibu na simu.

"Festus," akamwambia.

Mama akalirudia kule kwao, taratibu, asije akalikosea. Mutiso akamwambia ndiyo, ni hilo. Hilo sikulibadilisha.